Pedali laini kwenye Hilux ya zamani: kipi cha kununua, kipi cha kuacha dukani

Ukifika kwenye maduka ya spea ya Kariakoo au Kirinyaga Road ukasema breki zako ni za kupampu, jibu utakalopewa mara nyingi ni moja: badilisha masta silinda, yaani ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali. Huenda ni kweli. Ila kwenye Toyota Hilux LN106, ile pikapu ya diseli yenye eksili nzima mbele, diski mbele na dramu nyuma, masta ni sababu moja kati ya nyingi, na wala siyo ya kwanza kuangaliwa. Tumepitia hapa vitu ambavyo mwenye gari la namna hii hujikuta amevinunua: mafuta ya breki, vifaa vya kutolea upepo (hewa iliyonaswa kwenye mfumo wa breki), seti ya raba za masta, masta nzima na hosi. Kitu chenye thamani kubwa kuliko bei yake ni kimpira chenye vali ya kuzuia hewa isirudi. Kitu ambacho tungemwambia mtu akiache dukani ni seti ya raba za masta. Mengi ya yaliyomo humu yanafaa pia kwa Land Cruiser za miaka hiyo zenye diski mbele na dramu nyuma.

Kabla ya kutoa hela, kanyaga. Washa injini, kanyaga pedali kwa nguvu ya kawaida, kisha shikilia bila kuachia. Pedali ikiendelea kuzama polepole hadi karibu na sakafu, mafuta yanatoka mahali fulani au yanapita pembeni ya raba ndani ya masta. Angalia kidumu cha mafuta: kimepungua au hakijapungua? Kikipungua, tafuta unyevu. Chungulia upande wa ndani wa matairi ya nyuma, fungua dramu, bandua kidogo kile kimpira cha vumbi cha wili silinda, ile silinda ndogo inayosukuma breki shuu. Ukikuta mafuta ndani, wili silinda imekwisha. Kama magurudumu yote ni makavu, legeza nati zinazoshika masta kwenye busta, lile duara kubwa linaloongezea mguu nguvu, uivute masta kidogo itoke kwenye busta. Masta inayovuja kwa nyuma humwaga ndani ya busta, nje huoni kitu, na rangi ya busta chini ya masta huwa imebabuka. Kama kidumu hakijapungua hata kidogo na pedali inazama, hapo kweli masta inapitisha.

Pedali ikiwa kama inadunda, na ukiikanyaga mara mbili tatu haraka inapanda na kukaza, kuna hewa kwenye mfumo. Na ikiwa inaenda chini lakini ikifika huko ni ngumu, halafu mkanyago wa pili unashika juu, usikimbilie kutoa upepo. Hapo tatizo ni nafasi: breki shuu za nyuma ziko mbali na dramu, au beringi za gurudumu la mbele zimelegea na diski inayoyumba inazisukuma pedi nyuma kila unapokata kona. Shika tairi la mbele juu na chini ulitikise. Likicheza, kaza beringi kwanza, maana hata masta mpya haitakusaidia.

Kitu kimoja kinachowatisha watu bure: ukikanyaga breki mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, ukashikilia, kisha ukawasha, pedali itashuka kidogo. Hiyo ni busta inafanya kazi yake. Isiposhuka ndipo pana shida, na shida yake ni pedali ngumu, siyo laini.

Dramu za nyuma ndizo zinazodanganya wengi kwenye Hilux hii. Nyuma ya bamba la kila dramu kuna kikono cha chuma kinachovutwa na waya wa handibreki. Adjasta ya breki shuu inategemea kikono hicho: kila unapovuta handibreki, shuu zikiwa zimeisha kiasi cha kutosha, adjasta inasogea jino moja. Sasa, kikono kikiliwa na kutu au kikishikwa na tope la miaka, handibreki haifanyi kazi, adjasta haisogei, shuu zinaisha bila kufuatwa, na pedali inazidi kushuka mwezi baada ya mwezi. Mtu anabadilisha masta, pedali inabaki palepale. Dawa yake haina bei kubwa: fungua kikono, toa pini, safisha kutu, paka grisi, rudisha. Kisha zungusha kigurudumu chenye meno cha adjasta mpaka tairi ligome kuzunguka, halafu kirudishe meno machache mpaka tairi lizunguke likisugua kidogo tu. Dramu zikiwa zimejenga ukingo pembeni, rudisha shuu kabla ya kuzing'oa, la sivyo utavunja vile visprings vya kushikia.

Baada ya hapo ndipo kipimo cha kutenganisha kinafaa. Zipo klempu za plastiki au chuma zenye meno laini ya mviringo kwa ajili ya kubana hosi za mpira. Bana hosi za mbele na ile moja inayoshuka kwenye eksili ya nyuma, kisha kanyaga. Pedali ikiwa juu na ngumu, masta ni nzima na tatizo liko huko chini. Achia hosi moja moja, na ile inayofanya pedali ishuke ndiyo yenye hewa au nafasi. Pedali ikibaki laini wakati zote zimebanwa, shaka inabaki kwa masta au hewa iliyo kabla ya klempu. Usitumie praisi ya kubana vyuma kwenye hosi wala usibane hosi iliyopasuka ngozi. Utaiua kwa ndani na hutaona. Kwa mwenye subira, kuna njia ya uhakika zaidi: fungua paipu kwenye masta, ziba matundu kwa plagi za nyuzi M10 kwa 1.0 zenye mdomo unaolingana na mwisho wa paipu za Kijapani, toa hewa iliyobaki ndani ya masta, ukanyage. Masta iliyozibwa na bado inazama haina utetezi. Kwa kufungulia tumia spana namba 10 ya paipu, ile inayokumbatia nati karibu pande zote. Spana ya kawaida inazilamba kona, na nati ya breki iliyolambwa kona ni kazi ya siku nzima.

Tuje kwenye mafuta ya breki. Kwa gari hili, DOT 3 inatosha na DOT 4 ni bora, na zote mbili zinaweza kuchanganyika. DOT 3 mpya lazima ihimili angalau nyuzi 205 za selsiasi kabla ya kuchemka, na ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7 kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa na maji. Tofauti hiyo unaihitaji unaposhuka Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu na mzigo nyuma: mafuta ya zamani yanachemka ndani ya kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski), yanakuwa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Pedali inalainika ghafla, na gari likipoa inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini lielewe vizuri: pedali iliyo laini asubuhi, gari likiwa baridi, haiponi kwa kupandisha daraja la mafuta. Anayekuuzia DOT 5.1 kwa ajili ya tatizo hilo anakuuzia chupa tu. Na DOT 5, isiyo na ile nukta moja, ni ya silikoni. Haichanganyiki na hizi nyingine na haina kazi kwenye Hilux.

Nunua chupa iliyofungwa kiwandani, yenye karatasi ya foili chini ya kifuniko. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar, Tanga au Mombasa ina unyevu wa kutosha. Yale yanayopimwa kutoka kwenye dumu kubwa lililo wazi tunayapa sifuri, hata yakiwa safi kwa macho. Chupa ndogo mbili ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu inayobaki nusu mezani kwa miezi sita haifai tena kutiwa kwenye breki. Kwa kutoa upepo peke yake nusu lita inatosha. Kwa kubadilisha mafuta yote mpaka yatoke safi kila gurudumu, weka lita moja na akiba kidogo. Kubadilisha kila baada ya miaka miwili ni utaratibu mzuri. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mengi mara moja, usifute kwa kitambaa kikavu.

Kuna jambo baya kuliko mafuta ya zamani, nalo ni mafuta yasiyo ya breki. Mtu anaona kidumu kimepungua anaongeza oili ya stelingi au ya injini. Raba za breki zinatengenezwa kuvumilia mafuta ya breki. Zikikutana na oili ya madini zinavimba na kulainika. Dalili ya kwanza huwa kwenye kimpira cha ndani ya kifuniko cha kidumu: kimekuwa kikubwa, hakirudi mahali pake. Hakikisha hivi: vuta mafuta kidogo kutoka kwenye kidumu, yatie kwenye glasi ya maji, koroga. Mafuta ya breki huyeyuka yakapotea ndani ya maji. Oili huelea juu. Ukiiona inaelea, usijidanganye kwa kumwaga na kujaza upya. Raba zote zimeshakunywa, kuanzia masta, wili silinda na kalipa hadi hosi, na zote ni za kubadilisha. Kwa sababu hiyohiyo usioshe vipuri hivi kwa petroli wala mafuta ya taa. Osha kwa mafuta ya breki yenyewe au spirit ya methili.

Vifaa vya kutolea upepo viko vya aina nne sokoni, na bei hazilingani na faida.

Cha kwanza ni mpira wa kawaida na chupa, na mtu wa pili ndani ya gari. Hakuna cha kununua isipokuwa mpira unaobana vizuri kwenye nipo, ile skrubu ndogo yenye tundu ya kutolea hewa. Mwenzako akanyage polepole, ashikilie. Fungua nipo robo mzunguko, pedali ishuke, funga nipo, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi. Tatizo la njia hii siyo chupa, ni mguu. Wengi hukanyaga hadi sakafuni. Masta ya gari la umri huu imezoea kufanya kazi kwenye nusu ya kwanza ya silinda. Ng'ambo ya hapo kuna kutu na utando ambao raba haijapita kwa miaka. Ukiisukuma huko kwa nguvu, raba inakatwa, na pedali iliyokuwa laini kidogo kabla ya kazi inazama kabisa baada yake. Weka kipande cha ubao chini ya pedali kiizuie kufika sakafuni. Ubao huo umeokoa masta nyingi.

Cha pili ni mpira wenye vali ndogo inayoruhusu mafuta kutoka na kuzuia hewa kurudi. Unafanya kazi peke yako: fungua nipo, kanyaga taratibu mara tano sita, rudi uongeze mafuta, endelea. Ni kifaa rahisi na kwa Hilux hii kinatosha. Udhaifu wake ni vali za kopi zinazovuja. Ijaribu dukani kwa kupuliza pande zote mbili. Ikipitisha pumzi upande wa kurudi, mwachie muuzaji.

Cha tatu ni pampu ya mkono ya kuvuta, yenye geji. Inavutia, na wanaoinunua ndio wanaolalamika kuliko wote kwamba mapovu hayaishi. Sababu ni kwamba pampu huvuta hewa ya nje kupitia nyuzi za nipo iliyolegezwa, na unaona mapovu madogo madogo kwenye mpira ambayo hayajatoka kwenye breki kabisa. Paka grisi ya raba kuzunguka nyuzi, au zungusha tepu ya fundi bomba kwenye nyuzi tu bila kufunika ncha ya nipo wala tundu lake, na mapovu hayo yatapungua sana. Inafaa zaidi kwa kunyonya mafuta machafu kwenye kidumu na kuvuta mafuta mara ya kwanza kwenye kalipa kavu. Kama utanunua moja tu, siyo hii.

Cha nne ni chupa ya shinikizo inayofungwa juu ya kidumu na kusukuma mafuta yenyewe. Inafanya kazi safi kuliko zote na haigusi pedali, kwa hiyo masta ya zamani inabaki salama. Shinikizo lisizidi takriban bar 1. Kikwazo ni kifuniko: kisipolingana na kidumu cha Toyota kinavuja, na mafuta yanatapakaa juu ya injini na rangi. Kwa gereji yenye magari mengi ni ununuzi mzuri. Kwa mtu mwenye gari moja ni anasa.

Mpangilio wa kazi haubadiliki kwa kifaa. Anza na gurudumu lenye paipu ndefu kuliko yote. Kwa usukani wa kulia huanza nyuma kushoto, nyuma kulia, kisha mbele kushoto, na kumalizia mbele kulia. Usisahau vali ya mzigo, ile iliyofungwa kwenye chesesi juu ya eksili ya nyuma ikiwa na fimbo ndefu inayoshuka kwenye eksili. Ina nipo yake, na mafundi wengi huipita kwa sababu imefunikwa na vumbi. Hewa ikikaa pale, unaweza kumaliza lita mbili za mafuta na pedali isibadilike. Tena usitoe upepo wa nyuma eksili ikining'inia: fimbo ikishuka, vali inadhani gari ni tupu na kubana njia ya nyuma. Weka jeki au stendi chini ya eksili yenyewe. Na kama kalipa zimefunguliwa hivi karibuni, hakikisha nipo iko juu. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, nipo inakuwa chini, hewa inabaki juu, na hakuna kifaa katika vinne hivi kitakachoitoa.

Seti ya raba za masta. Kwenye katalogi za Toyota namba zake huanza na 04493, na za watengenezaji wa Japani kama Seiken ni nzuri kwa ubora wa raba. Kwa hiyo lawama siyo ya bidhaa. Lawama ni ya silinda unayoiwekea. Gari lililokaa na mafuta yenye maji kwa miaka lina vishimo vya kutu ndani ya silinda, na raba mpya ikipita juu yake inachanika. Toa pistoni, pangusa, angalia kwa tochi, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama popote, seti hiyo usiinunue. Masta ya chuma cha kutupwa inaweza kusuguliwa kidogo kwa hone, kifaa cha kulainisha ndani ya silinda. Ya aluminiamu haifai, kwa sababu ngozi ngumu ya juu ikiondoka silinda inalika upesi. Seti ina mantiki kwa mtu mwenye masta halisi ya Aisin, silinda yake inang'aa, na anapajua pa kuagizia raba zisizo feki. Wengine wote watafungua masta mara mbili.

Masta nzima basi. Namba za Toyota huanza na 47201, na zinazofuata hutofautiana kwa kipenyo cha silinda, idadi ya matundu na mahali pa kidumu. Nenda dukani na namba ya chesesi na masta ya zamani mkononi, kisha linganisha kipenyo kilichochongwa kwenye mwili, mara nyingi kwa sehemu za inchi kama 7/8, 15/16 au 1. Kipenyo kikubwa zaidi hufanya pedali iwe fupi na ngumu, na muuzaji anaweza kukuambia umepona, kumbe umepunguziwa nguvu ya kubana kwa mguu uleule. Kopi mpya hutofautiana sana. Tunayokagua kwanza ni nyuzi za matundu, ulaini wa silinda ndani, na kama pistoni inarudi yenyewe bila kusita. Masta za mtumba zinazokuja kupitia Sharjah tunaziona kuwa bahati nasibu: zimekaa kavu muda mrefu, raba zimekauka, na uwezo wa kujua ni mdogo mpaka uifunge. Mtumba wa kalipa tunaukubali. Wa masta, hapana.

Masta mpya usiifunge kavu kwenye gari. Ibane kwenye vaisi ikiwa imelala sawa, jaza kidumu, rudisha mipira miwili kutoka kwenye matundu hadi ndani ya mafuta, na sukuma pistoni kwa bisibisi butu, mikanyago mifupi, mpaka mapovu yaishe. Kabla ya kuifunga, pima nafasi kati ya fimbo ya busta na pistoni: bandika kidonge cha plastisini kwenye ncha ya fimbo, funga masta, fungua, pima unene. Kikiwa kinene, pedali itashuka bure kabla ya kuanza kazi. Kikikatika kabisa, fimbo inasukuma pistoni muda wote, tundu la kurudishia mafuta linazibwa, na breki zitashika zenyewe zikipata moto. Unene usizidi milimita 1. Mchezo wa pedali yenyewe juu, injini imezimwa na busta imeishiwa mvuto kwa kukanyagwa mara kadhaa, uwe kama milimita 3 hadi 6.

Hosi za chuma kilichosukwa huuzwa kama tiba ya pedali laini. Kama hosi zako za mpira ni za asili za gari, ndiyo, zinavimba. Mwambie mtu akanyage kwa nguvu huku umeshika hosi ya mbele, utaisikia ikijaa mkononi. Lakini hosi mpya za mpira zenye tarehe ya karibu huondoa uvimbe huo kwa sehemu ndogo ya bei, na zikichakaa zinaonyesha nyufa, wakati zile zilizosukwa huficha ubovu ndani ya waya. Hela inayobaki inatosha wili silinda mbili mpya za nyuma, na hizo kwenye gari la umri huu karibu kila mara zinahitajika.